Wiki sita hazifungi mfupa: jibu kwa kijana anayetaka kwenda Istanbul kurefushwa miguu

Usiuze shamba. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na kila nilipofika pale unaposema kwamba utakaa Istanbul wiki sita kisha urudi Tanga "kumalizia kuzungusha mwenyewe nyumbani", vifundo vya miguu yangu viliuma kana kwamba vimeitwa kwa majina. Una miaka 24, una sentimita 162, umechoka kuitwa andunje hata na watoto wa dada yako, wakala amekupigia hesabu ya kukuongezea sentimita sita, na sasa unauliza kama ukatwe muundi au paja, kama nondo ya sumaku, ile inayofichwa ndani ya mfupa, ni bora kuliko vyuma vya nje, na ufanye nini ili mawazo ya ufupi yakuache ulale. Hayo nitayafikia. Kwanza tuzimalize hizo wiki sita, kwa sababu mwaka 2022 niliuziwa hesabu hiyo hiyo neno kwa neno, na sitashangaa ikiwa hata sauti iliyokuuzia wewe ni ile ile.

Mimi nilikuwa na sentimita 161. Tangu darasa la kwanza hadi la saba nilisimama mbele kabisa mstarini kila asubuhi, na si kwa sababu nilikuwa nawahi shuleni. Nilipofikisha miaka 29 nilikuwa mwalimu wa hisabati katika shule binafsi, mtu anayeheshimiwa na kidato cha pili chote, lakini kwenye harusi bado nilikuwa natafuta ngazi ya kusimamia kabla mpiga picha hajatupanga. Kwa hiyo usidhani anayekuandikia hajui kinachokuuma.

Sasa hebu tupige hesabu ambayo mwalimu wa hisabati hakuipiga. Mfupa ukishakatwa, huachwa takriban wiki moja bila kuvutwa, ili mwili uanze kujenga kitu katikati ya vipande viwili. Baada ya hapo pengo hufunguliwa kwa milimita moja kwa siku, kwa kawaida robo milimita mara nne, na utaratibu huo unatokana na kazi ya Gavriil Ilizarov, daktari wa Kisovieti aliyeianza miaka ya 1950 huko Kurgan, Siberia. Fremu niliyofungwa mimi ilikuwa ya mtindo wake: pete za chuma zinazouzunguka mguu, nyaya zilizokazwa kama spoku za baiskeli, zinazoingia upande mmoja wa ngozi, zikapita mfupani na kutokea upande wa pili, na fito zenye hesi zinazoziunganisha pete. Nati zake hufunguliwa kwa spana namba kumi, hiyo hiyo aliyo nayo fundi wa bodaboda, na robo ya mzunguko ndiyo robo milimita. Wiki moja ya kusubiri na siku 60 za kuzungusha zinakufikisha siku ya 67, na hapo ulichonacho kwenye pengo la sentimita sita si mfupa bado, ni uji unaoanza kushika. Kwa mtu mzima mwenye vyuma vya nje, kila sentimita hudai takriban mwezi mmoja hadi miwili hadi mfupa ukomae na vyuma vitolewe. Sentimita zako sita ni nusu mwaka hadi mwaka mzima. Wiki sita ni siku 42. Siku ya 42 utakuwa uwanja wa ndege ukiwa na pengo la sentimita tatu na nusu katika kila mguu.

Hesabu hiyo ningeweza kuiandika ubaoni nikiwa nimefumba macho. Sikuiandika kwa sababu nilikuwa na siri. Mama aliambiwa kwamba nakwenda Ankara kwa kozi ya kompyuta, na mkuu wa shule, niliyemwomba likizo ya miezi miwili bila malipo, aliambiwa kwamba ninamuuguza mama, ikabaki kuomba dua wawili hao wasikutane sokoni. Mtu anayeona haya kuwa mfupi huona haya maradufu ikijulikana kwamba alitaka kurefuka, na haya hizo ndizo zilizonipangia tarehe ya tiketi ya kurudi kabla daktari yeyote hajaushika mguu wangu. Wakala alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Kila nilipouliza kuhusu muda, alinijibu kwa sauti ya upole ya mtu mwenye futi sita kwamba wateja wake wote hurudi makwao baada ya wiki sita, kwamba kilichobaki "ni spana tu", na kwamba hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuizungusha. Huko hospitalini kulikuwa na fomu iliyouliza kama nimewahi kusumbuliwa na huzuni, kukosa usingizi au kujichukia kwa sababu ya maumbile yangu. Aliijaza yeye. Kila kisanduku alitia "hapana", akanigeuzia karatasi nitie saini, nami nikatia, huku nikiwa sijapata usingizi wa maana kwa miaka mitatu. Nililipa dola 15,000, ambazo kwa wakati ule zilikuwa takriban shilingi milioni 35, kiwanja kikiwamo na mkopo wa saccos ukiwamo. Sikujua kwamba hiyo ilikuwa bei ya kuvunjwa tu.

Nilirudi na sentimita tatu na nusu, nikajificha katika chumba cha kupanga Tabata pamoja na binamu yangu aliyekuwa anasubiri matokeo ya kidato cha nne. Yeye ndiye aliyekuwa akizungusha: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku, mguu wa kulia kisha wa kushoto, akitia alama kwenye daftari la mistari. Mfupa ulitii. Kitu ambacho hakikutii ni nyama. Muundi unaporefushwa, misuli ya shavu la mguu na kano ya kisigino huvutwa pamoja nao, na visiponyooshwa kila siku na mtu anayejua anachokifanya, hukaza kama kamba iliyolowa, kisigino kikapanda na kidole kikashuka. Istanbul kulikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akiukunja unyayo wangu mara mbili kwa siku hadi ninalia mbele ya watu. Tabata nilikuwa na khanga ya mama niliyoipitisha chini ya unyayo, nikiivuta mwenyewe, na kama unavyojua, mtu akijitesa mwenyewe huwa na huruma nyingi.

Nilikuwa nikipima kwa kiberiti. Wiki ya kwanza nyumbani, nikiwa nimesimama kwa magongo, binamu yangu aliweza kupitisha kiberiti kilicholala chini ya kisigino changu cha kulia. Wiki ya pili kilipita kikiwa kimesimama kwa ubavu. Nilipovuka sentimita tano kilipita kikiwa wima, na juu yake palibaki nafasi ya njiti. Nilikwenda Uturuki ili niache kusimama kwa ncha za vidole kwenye picha za harusi, nikarudi nikiwa siwezi kusimama kwa namna nyingine yoyote.

Hapo ndipo pana kosa lililonigharimu kuliko yote, na ndipo ninapokuomba usome taratibu. Dole gumba la kulia lilianza kufa ganzi. Kwa daktari aliye karibu, ganzi ya namna hiyo ni ishara kwamba mshipa wa fahamu unavutwa kupita uwezo wake, na angepunguza mwendo, akashuka hadi nusu milimita kwa siku, au angesimamisha kabisa. Mimi nilimtumia wakala picha ya kisigino na ujumbe mrefu kuhusu ganzi. Akanijibu kwa kidole gumba. Ninamaanisha ile picha ndogo ya njano ya kidole gumba kilichosimama, hakuna neno hata moja. Nikaandika tena, zikatokea alama mbili za buluu, kisha kimya, hadi leo. Nami, mtu mzima mwenye shahada, nikakichukulia kidole gumba hicho kuwa ushauri wa kitabibu, nikamwambia binamu yangu aendelee, kwa sababu nilikuwa nimeahidiwa sita na nilikuwa na tano tu. Tulizungusha siku mbili zaidi. Siku ya tatu matundu ya nyaya karibu na kifundo yalitoa usaha, homa ikapanda, na kijana yule, ambaye kwa bahati njema hakuwahi kuwa na aibu yangu, akampigia simu mama.

Daktari wa mifupa niliyepelekwa kwake hapa Dar es Salaam aliiweka picha ya eksirei kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu, kisha akaniuliza swali moja: "Nani aliyekuruhusu kuondoka?" Mfupa mpya upande mmoja ulionekana kama moshi, na upande wa pili haukuonekana kabisa. Alisimamisha kuvuta hapo hapo, kwenye sentimita tano na milimita mbili. Fremu zilikaa miguuni mwangu miezi 11 kwa jumla. Zilipotolewa, kano za visigino vyote viwili zilipasuliwa ili zirefushwe nazo, nikafungwa plasta wiki sita, na hizi ndizo wiki sita pekee za kweli katika hadithi nzima. Ukijumlisha operesheni hizo, dawa, mazoezi na nauli za teksi za mtu asiyeweza kupanda daladala, niliongeza milioni 17 juu ya zile 35. Shuleni nafasi yangu ilishajazwa tangu mwezi wa nne.

Leo nina sentimita 166 asubuhi na 165 jioni, kama ilivyo kwa kila mtu, isipokuwa wengine hawajalipia ile moja inayopotea. Fundi cherehani hanitozi tena kwa kukata suruali. Hiyo ndiyo faida ninayoweza kuitolea risiti. Choo cha kuchuchumaa ni mtihani, kwa sababu kifundo hakikunji inavyotakiwa, na msikitini naswali juu ya kiti pamoja na wazee, nikiwa na miaka 33. Hakuna hata mmoja kati ya walioniita andunje aliyegundua kwamba nimerefuka. Waligundua kwamba nachechemea.

Wakala wako bila shaka ameshakusimulia habari za Valery Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu mwaka 1964, aliyevunjika mguu katika ajali ya pikipiki mwaka uliofuata, akatibiwa na Ilizarov na akaruka tena. Ni kweli tupu. Kile asichokuambia ni kwamba Brumel hakwenda Kurgan kuongezwa kimo. Alikwenda na mguu uliokataa kupona baada ya operesheni nyingi, na alitibiwa na mtu mwenyewe aliyeibuni njia hiyo, si na binamu yake aliyemaliza kidato cha nne. Mwambie pia kwamba China ilipiga marufuku mwaka 2006 urefushaji wa miguu kwa ajili ya urembo tu, baada ya watu wengi kuharibiwa miguu, kisha usikilize atakavyobadilisha mada. Nondo ya sumaku inaondoa nyaya na usaha wa matundu, hilo nakubali, lakini haibadilishi hesabu ya misuli wala ya mfupa kukomaa, na nondo mojawapo ya chuma cha pua, iliyosifiwa kwamba mgonjwa ataikanyagia mapema, iliondolewa sokoni mwaka 2021 baada ya kuonekana kutu na mabadiliko katika mfupa unaoizunguka. Hata nondo inahitaji mtu wa kuitazama mwezi wa tatu.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na siibadilishi kwa muundi wala kwa paja: usikatwe mfupa mahali ambapo huwezi kukaa hadi ufunge. Kama huna pesa za kukaa Istanbul miezi yote hiyo, ukiwa na chumba, chakula na mtu wa kukukunja unyayo kila siku, basi huna pesa za operesheni hiyo, hata kama unazo za kukatwa.

Kuhusu usingizi, nitakuambia lililonitokea. Mama alipofunua shuka Tabata akaona pete zile, hakupiga kelele; alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaniuliza, "Kumbe ulikuwa unaumia hivi, mwanangu?" Usiku ule nililala saa saba mfululizo, nikiwa na homa na nyaya mguuni. Baadaye nilianza kumwona mwanasaikolojia, ambaye nilipaswa kumwona kabla ya kumwona wakala. Najua kwetu ukitaja daktari wa akili watu husikia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, lakini hospitali ya Muhimbili ina idara nzima ya afya ya akili, na hakuna anayekufunga kamba mlangoni. Nenda ukiwa bado na shamba. Na mwambie mtu mmoja wa nyumbani kabla hujalipa hata shilingi, kwa sababu anayekwenda kwa siri hurudi mapema ili siri isivuje, na nimeshakueleza mfupa hufanya nini kwa anayerudi mapema.

Leo mpigie wakala umwulize: siku ya 90 nitakuwa nimelala wapi, na ni nani, kwa jina, atakayekuwa amekishika kisigino changu? Akikujibu kwa kidole gumba, nitumie faraghani tarakimu tatu za mwisho za namba yake, nizilinganishe na nilizo nazo.