Uliza kwanza: kati ya ngapi?

Duka la mtaani na klabu ya mpira vina tatizo moja. Kila siku vinazalisha takwimu nyingi, na kufikia jioni karibu zote zimeshapotea. Zile chache zinazobaki huwa ni za kujumlisha tu: tumeuza laki tatu, tumefunga mabao mawili, tuna majeruhi watano. Namba ya namna hiyo haikwambii ufanye nini kesho, kwa sababu imesimama peke yake. Laki tatu kwa siku ngapi mzigo ukiwa umejaa? Mabao mawili kati ya mashuti mangapi? Majeruhi watano kwa saa ngapi za kucheza? Ushauri wote ulio hapa chini unatokana na swali hilo moja, na ni swali linalohitaji daftari na kalamu kabla ya kuhitaji kompyuta.

Tuanze na sukari. Duka limeuza kilo 60 kwa wiki, basi mwenye duka anaagiza 60 tena. Lakini ukimwuliza muuzaji, sukari iliisha Ijumaa jioni na mzigo mpya ukaingia Jumatatu asubuhi. Wiki ile sukari ilikuwepo siku 5, si 7. Kilo 60 ukigawa kwa 5 unapata 12 kwa siku, na hiyo kwa wiki nzima ni kilo 84. Anayeagiza 60 ataishiwa Ijumaa tena, na daftari litaendelea kumthibitishia kwamba "hapa sukari ni kilo 60 kwa wiki". Kosa linajilisha lenyewe. Na mteja aliyekosa sukari Jumamosi hakukosa sukari tu. Alikokwenda alichukua na majani ya chai, sabuni na mkate. Hasara hiyo haiandikwi popote.

Dawa yake ni safu mbili za nyongeza kwenye daftari la mzigo: tarehe bidhaa ilipoisha na tarehe iliporudi. Kando ya droo ya pesa weka karatasi, muuzaji apige kistari kimoja kila anapomjibu mteja "hakuna", mbele ya jina la bidhaa. Baada ya wiki mbili karatasi hiyo itakuwa na kitu ambacho risiti haina, kwa kuwa risiti inamrekodi aliyepata, haimrekodi aliyeondoka mikono mitupu. Kwa mkate na maziwa hesabu inageuka: huko andika kilichoharibika kila jioni, maana ukiagiza kwa kuogopa kuishiwa utamwaga faida yote.

Usidhani kosa la aina hii ni la wenye maduka tu. Tarehe 18 Machi 1950, Charles Reep, mhasibu katika Jeshi la Anga la Uingereza, alianza kurekodi kwa kalamu kila shambulizi akiwa kwenye mechi ya Swindon Town. Aliendelea kwa miongo kadhaa, na mwaka 1968 yeye na Bernard Benjamin wakachapisha matokeo. Reep aliona kwamba takriban asilimia 80 ya mabao yanatokana na pasi tatu au pungufu, akahitimisha kwamba timu ipige mpira mrefu mbele na kuacha kupasiana. Makocha kadhaa wa Uingereza walimfuata. Alichopaswa kuuliza ni hiki: kati ya mashambulizi yote, mangapi yanaishia ndani ya pasi tatu? Takwimu zake mwenyewe zilionyesha ni zaidi ya asilimia 90. Kwa maneno mengine, mashambulizi marefu, yasiyofika hata asilimia 10 ya yote, yalileta karibu mabao 20 kati ya kila 100. Ukilinganisha shambulizi kwa shambulizi, pasi nyingi ndizo zilizozaa zaidi. Daftari lake lilikuwa safi kuliko ya wengi wa leo, na bado jibu likatoka kichwa chini.

Kile kipimo cha xG (mabao yanayotarajiwa) mnachokiona kwenye televisheni ni swali hilo hilo limewekwa sawa. Kinasema: mashuti 100 yaliyopigwa kutoka mahali kama hapa, kwa namna kama hii, mangapi huingia? Penalti hupewa kati ya 0.75 na 0.8, kwa sababu karibu penalti 75 hadi 80 kati ya 100 huwa mabao. Shuti la mbali nje ya kumi na nane, yaani nje ya eneo la penalti, mara nyingi halifiki 0.05. Brentford ya London, inayomilikiwa na Matthew Benham, mtu aliyepata fedha zake kwenye takwimu za kubashiri matokeo, ilitumia fikra hii kutafuta wachezaji ambao mabao yao hayakusema ukweli wote, na mwaka 2021 ikapanda Ligi Kuu baada ya miaka 74 nje ya daraja la juu.

Timu ya ligi ya mkoa haihitaji fedha za Benham ili ianze. Chukua karatasi ya A4, chora nusu ya uwanja: goli, boksi dogo, kumi na nane, nukta ya penalti. Kila shuti liandikwe pale lilipopigwa, kwa namba ya jezi na dakika, mfano 9/34. Ukilizungushia duara, ni goli. Mstari chini yake, limelenga goli na kipa kaokoa. Msalaba, limetoka nje. Herufi B, limezuiwa na beki. Herufi K, limepigwa kwa kichwa. Karatasi ya pili ni ya mashuti ya wapinzani. Kazi ni ya watu wawili: mmoja macho yake hayatoki uwanjani na anatamka, mwingine anaandika. Mtu mmoja akifanya yote atakosa matukio, hasa mashambulizi ya kushtukiza, kwa kuwa yanatokea wakati yeye ameinama anaandika lililopita.

Kabla ya mechi kubalianeni shuti ni nini. Krosi iliyopinda ikagonga mwamba inahesabiwa? Mpira uliozibwa hatua moja kutoka mguuni mwa mpigaji je? Jibu lolote linafaa, mradi liwe lile lile msimu mzima. Kujipima ni rahisi: wape watu wawili mechi moja iliyorekodiwa, kila mtu aiangalie peke yake. Mmoja akirudi na mashuti 14 na mwingine 19, tatizo ni maelezo mliyowapa, si macho yao. Rekebisheni hadi tofauti ibaki shuti moja au mawili.

Baada ya mechi kumi gawa mashuti kwa eneo. Tuseme mmepiga 120: nje ya kumi na nane 78, yakazaa mabao 2, ndani 42, yakazaa mabao 9. Nje ni bao moja kwa kila mashuti 39. Ndani ni bao moja kwa chini ya mashuti matano. Hapo kocha ana kitu cha kufanyia kazi Jumanne: ile tabia ya kiungo kupiga kutoka mita 30 akiwa na mwenzake upande wa kulia. Penalti zitoe kwanza kwenye hesabu, zina karatasi yake.

Washambuliaji nao wapimwe kwa dakika. Mwenye mabao 9 katika dakika 1,620, manne yakiwa ya penalti, ana mabao 5 ya kawaida katika mechi 18 kamili, yaani 0.28 kwa dakika 90. Mwenzake wa benchi ana mabao 4 bila penalti katika dakika 540, yaani 0.67. Gazeti litamsifu wa kwanza. Lakini taratibu: dakika 540 ni mechi sita tu, na mechi sita zinaweza kumpendelea mtu yeyote. Namba hiyo inatosha kumpa dakika zaidi, haitoshi kumsajili kwa mkataba wa miaka mitatu.

Kwenye majeraha ndiko klabu nyingi hujidanganya. Msimu mmoja daktari wa timu ameandika majeraha 14 mazoezini na 12 kwenye mechi, na uongozi unaona mazoezi ndiyo yanaumiza. Hesabu saa. Mechi 30 kwa wachezaji 11 kwa saa moja na nusu ni saa 495. Mazoezi mara 4 kwa wiki, wiki 36, wachezaji 22, saa moja na nusu kila mara, ni saa 4,752. Kwa kila saa 1,000, mechi zimeleta majeraha 24 na mazoezi hayafiki 3. Swali la maana sasa ni jinsi wachezaji wanavyoingia kwenye mechi: wamechoka kiasi gani, wamepumzika siku ngapi.

Uchovu una kipimo kisicho na gharama. Dakika 30 baada ya mazoezi muulize kila mchezaji, peke yake, mazoezi ya leo yalikuwa magumu kiasi gani kutoka 0 hadi 10. Zidisha kwa dakika. Dakika 90 kwa ugumu wa 7 ni 630. Jumlisha wiki nzima, fuatilia mchezaji mmoja mmoja. Aliyezoea 1,800 kwa wiki akapanda ghafla hadi 2,900 anahitaji kuangaliwa, vivyo hivyo anayesema 8 siku ambayo wenzake wote wanasema 4. Huyo huenda hajalala, anaumwa, au yuko kwenye saumu. Ukiwauliza mbele ya wenzao, wote watajibu kama nahodha. Ukiwauliza mara tu baada ya mbio za mwisho, watajibu kuhusu mbio za mwisho.

Na hapa kuna jambo linaloua takwimu haraka kuliko kitu kingine: kuzitumia kuadhibu. Mchezaji aliyesema 9 akaachwa nje ya kikosi, wiki ijayo atasema 5, na timu nzima itamfuata. Muuzaji anayekatwa mshahara kwa kila nyanya iliyooza ataacha kuandika zilizooza. Ukifika hapo una daftari linalopendeza na huna habari yoyote. Mwambie mtu mapema namba yake itatumika kwa nini, kisha usivunje ahadi.

Ukihamia kwenye kompyuta, matatizo hubadilika sura. Kila mstari uwe tukio moja: mauzo moja, shuti moja, kipindi kimoja cha mazoezi cha mchezaji mmoja. Usiunganishe visanduku kwa ajili ya urembo, maana huwezi kupanga wala kuchuja tena. Namba ya simu inayoanza na 07 itapoteza sifuri yake usipoiambia Excel kwamba safu hiyo ni maandishi. Tarehe 03/04 kompyuta moja inaisoma Aprili 3 na nyingine Machi 4. Andika 2025-04-03 na ugomvi unakwisha. Majina ndiyo balaa kubwa: "Sukari kg 1", "sukari kilo" na "Sukari1kg" kwa kompyuta ni bidhaa tatu, na mchezaji aliyeandikwa "Hamisi J." na "Juma Hamisi" ana nusu ya dakika zake kila upande. Wape bidhaa na wachezaji namba za kudumu. Namba ya jezi haifai, inabadilika msimu ukibadilika.

Miamala ya simu inarahisisha kazi, lakini jumla ya miamala si jumla ya mauzo. Ndani yake kuna deni la mwezi uliopita limelipwa, kuna shangazi ametuma ada ya mtoto, kuna malipo yaliyorudishwa. Lipa Namba ya biashara isitumike kwa jambo lolote la nyumbani, na kila jioni linganisha mauzo ya siku na jumla ya pande tatu: taslimu kwenye droo, miamala ya simu, na daftari la mikopo. Zikipishana, tafuta sababu usiku huo huo. Baada ya siku tatu hakuna anayekumbuka.

Orodha ya wanachama au wateja wa kadi ni mali, na pia ni dhamana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina sheria yake tangu 2019. Kwa kazi za kila siku maana yake ni hii: kusanya unachokitumia tu, mwambie mtu unakitumia kwa nini, taarifa za afya za wachezaji zikae kwa daktari na si kwenye kundi la WhatsApp la viongozi, na kwa akademi ya watoto pata idhini ya mzazi kwa maandishi. Karatasi za majeraha zilizobandikwa ukutani kwenye ofisi ya klabu, ambapo wakala yeyote anapita, ni kosa la kusahihishwa leo.

Vifaa vya GPS wanavyovaa wachezaji kupima mbio zao, na programu za duka, vina faida, ila subiri karatasi zenu zijazwe wiki 12 mfululizo bila pengo. Timu inayoshindwa kujaza karatasi ya A4 itashindwa pia kuchaji vifaa 22 kila usiku. Siku muuzaji wa programu akija, mwombe atoe taarifa zote kama faili la CSV, jedwali la maandishi ambalo programu nyingi husoma, na kulifungua mbele yako kwenye kompyuta nyingine. Asipoweza, siku utakapoacha kumlipa takwimu zako za misimu yote zitabaki kwake, basi usisaini.