Taa ya chek injini imewaka: pima kwanza, sensa ya oksijeni utanunua baadaye

Mashine ya uchunguzi ikisoma msimbo wa hitilafu unaotaja sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, wengi huenda moja kwa moja kununua sensa. Inafungwa mpya, taa inazimwa, na baada ya siku chache inawaka tena kwa msimbo uleule. Msimbo hautaji kifaa kilichokufa. Unaeleza kompyuta ya injini imeona nini kisicho cha kawaida, na imekiona kwenye mzunguko upi. Sensa inayolalamika kwamba hewa imezidi, mara nyingi inasema kweli: hewa imezidi kweli, na kazi yako ni kutafuta inapoingilia.

Kabla ya vifaa, itazame taa yenyewe. Ikiwaka bila kupepesa na gari linavuta kama kawaida, una muda wa kuchunguza kwa utulivu. Ikipepesa huku injini inatetemeka, kuna silinda isiyochoma. Petroli mbichi inakwenda kuungulia ndani ya katalisti, kisafisha moshi ambacho mafundi wengi hukiita masega, na joto lake linaweza kuyayeyusha. Ondoa mguu kwenye mafuta, egesha mahali salama, kisha shughulikia plagi, koili na nozeli. Sensa iache kwanza.

Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu modeli za 1996, na Umoja wa Ulaya tangu 2001, yana soketi ya pini 16 chini ya dashibodi upande wa dereva. Kisomaji kidogo cha bluetooth na programu ya simu vinatosha, mradi vionyeshe data injini ikiwa inanguruma na si misimbo peke yake. Andika misimbo yote. Andika pia hali iliyohifadhiwa pamoja nayo: joto la injini, mizunguko, mwendo, mzigo. Usifute chochote kabla ya hapo, kwa kuwa ukifuta, ushahidi huo nao unapotea.

Katika misimbo, benki ya 1 ni upande wa injini wenye silinda namba 1. Sensa ya 1 iko kabla ya katalisti, sensa ya 2 iko baada yake. Ukichanganya hizi mbili utang'oa nzima na kuacha mbovu.

Misimbo rahisi ni ya hita. P0135 ni hita ya sensa ya mbele, P0141 ya nyuma, zote za benki ya 1. Sensa haifanyi kazi mpaka ifikie takriban nyuzi 300 za Selsiasi, ndiyo maana ina hita ndani yake. Misimbo yote miwili ikija kwa pamoja, anzia kwenye fyuzi na rilei. Si kawaida hita mbili kufa siku moja. Ukikuta fyuzi imeungua, usibadilishe tu na kuondoka. Fuata waya mpaka uone wapi umegusa bomba la moshi na kuyeyuka ganda.

Fyuzi ikiwa nzima, subiri injini ipoe, chomoa plagi ya sensa na uweke multimita kwenye omu. Sensa ya waya nne huwa na waya mbili za rangi moja, na hizo ndizo za hita. Ikiwa baridi, hita nzima husoma kati ya omu 2 na 20 hivi, kulingana na aina. Multimita isiposoma kitu, hita imekatika ndani na hapo kweli unahitaji sensa. Kisha pima upande wa gari: kati ya pini ya umeme na bodi unatakiwa upate volti karibu sawa na za betri, swichi ikiwa imewashwa (baadhi ya magari hutoa umeme huo injini ikinguruma tu). Tumia bodi kama hasi, usitumie pini ya pili ya hita, maana kwa kawaida pini hiyo hupewa hasi na kompyuta na hasi hiyo huja na kukatika.

P0171, hewa nyingi mafuta kidogo, ndiyo inayowapotosha watu kuliko zote. Fungua data na utazame marekebisho ya mafuta, STFT (ya muda mfupi) na LTFT (ya muda mrefu). Injini ya petroli inalenga takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito, na asilimia hizi zinaonyesha kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kiasi gani ili kufika hapo. Jumla ya zote mbili ikiwa ndani ya 10 juu au chini, injini haina shida kubwa. Sasa linganisha hali mbili. Acha injini ingurume bila kukanyaga, soma, kisha ipandishe hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na usome tena. Ikiwa ni +20 ikinguruma taratibu na inashuka hadi +5 ikipanda, kuna hewa inayopenya baada ya sensa ya kupima hewa: paipu ya vakyumu iliyopasuka, gasketi ya manifoldi, paipu ya hewa yenye ufa chini ambao huuoni mpaka uikunje. Ikiwa inazidi kupanda kadiri mzigo unavyoongezeka, angalia pampu ya mafuta, filta yake, au sensa ya kupima hewa iliyochafuka. Jaribio hili halihitaji spana hata moja, na ndilo tunalolipendekeza kabla ya lingine lolote.

Chanzo kingine cha P0171 ni tundu kwenye bomba la moshi kabla ya sensa. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo moja na jingine bomba hufyonza hewa ya nje. Sensa inaiona oksijeni hiyo, kompyuta inaongeza mafuta bila sababu. Injini ikiwa baridi, elekeza upande unaopuliza wa mashine ya kunyonya vumbi kwenye ncha ya ekzosi, ziba nafasi inayobaki kwa kitambaa, halafu nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio yote. Mapovu yatakuonyesha. Masizi meusi kando ya gasketi nayo ni dalili nzuri.

Kuipima sensa yenyewe si kazi ngumu. Ya kawaida ya zirkonia (aina ya kauri) hucheza kati ya volti 0.1 na 0.9. Pasha injini vizuri, ishike kwenye mizunguko 2,500 kwa muda wa dakika mbili, kisha tazama: ya mbele inatakiwa ipande na kushuka kupita 0.45 mara kadhaa ndani ya sekunde 10. Chomoa paipu ndogo ya vakyumu, volti zishuke. Kanyaga mafuta ghafla, zipande kupita 0.8. Ikijibu haraka pande zote mbili, ni nzima, hata msimbo useme nini, isipokuwa ule wa hita. Ikijivuta, imechoka, na mara nyingi msimbo wake huwa P0133. Tahadhari: magari mengi ya kisasa yana sensa ya uwiano wa hewa na mafuta upande wa mbele, na hiyo haichezi hivyo. Usiihukumu kwa kipimo hiki.

Kwa P0420, msimbo unaosema katalisti haisafishi moshi ipasavyo, usikimbilie katalisti. Injini ikiwa moto, sensa ya nyuma inatakiwa itulie, mara nyingi karibu na volti 0.6 hadi 0.7. Ikipanda na kushuka kwa kuifuata ile ya mbele, na bomba halivuji, katalisti imechoka. Ila tafuta kilichoiua: plagi zilizokuwa hazichomi, au injini inayokula oili. Usipofanya hivyo, mpya itakufa vilevile.

Ukifika kwenye kung'oa, inua gari kwa jeki na uliweke juu ya stendi. Usiingie chini kwa jeki peke yake. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, yaache yaingie, kisha legeza sensa bomba likiwa na uvuguvugu wa kushikika kwa glavu. Soketi ya sensa ya milimita 22, yenye mpasuko wa kupitisha waya, inaokoa pembe za nati. Itazame ncha ya ile ya zamani: masizi makavu ni mafuta kuzidi, vumbi jeupe huashiria silikoni au maji ya rejeta. Usipoondoa chanzo, mpya itachafuka vivyo hivyo.

Sensa mpya nyingi huja na grisi maalumu kwenye nyuzi. Kama haina, paka kidogo kwenye nyuzi tu, isiguse ncha. Izungushe kwanza kwa mkono, kisha kaza kwa kipimo cha mtengenezaji. Kwa nyuzi za M18 huwa karibu na Nm 40. Usilehemu waya zake wala usijaze grisi kwenye plagi yake, kwa kuwa sensa nyingi huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia ndani ya waya hizo. Zifunge mbali na bomba, kwa vishikio vilevile vya awali.

Mwisho futa misimbo kwa kisomaji, si kwa kuchomoa betri, na uendeshe mchanganyiko wa mwendo wa taratibu na wa kasi mpaka vipimo vya ndani vya kompyuta vionyeshe vimekamilika. Inaweza kuchukua siku kadhaa za matumizi ya kawaida. Kama gari linakwenda kwenye ukaguzi wa moshi, lisipelekwe kabla ya hapo: mashine yao itaona vipimo havijakamilika, na gari linaweza kurudishwa hata kama taa imezimika.