Kwa nini mbwa wa jeshi hushonwa tumbo akiwa mzima

Umeuliza kwa nini mbwa wa jeshi la Marekani wanapasuliwa tumbo ilhali hawaumwi. Ni kinga. Mbwa wa aina za German Shepherd na Malinois, wanaotumiwa sana jeshini, wana kifua chenye kina kirefu, na mfuko wao wa chakula unaweza kujaa gesi ukajipinda. Damu ikishindwa kupita, mbwa hufa ndani ya saa chache. Ndiyo maana kule Lackland, Texas, kambi ya jeshi wanakofunzwa mbwa hao, daktari huushona mfuko huo kwenye ukuta wa tumbo, upande wa kulia. Gesi bado yaweza kujaa, ila kujipinda huwa nadra. Ukiona mbwa anajikakamua kutapika na hatoi kitu, tumbo limekaza kama ngoma, mkimbize kwa daktari hapohapo. Tumbo si hatari pekee kwa mbwa hawa. Mimi joto ndilo hunitisha zaidi: Malinois hufukuza mpira kwenye joto mpaka adondoke. Meno nayo huvunjika kwa kung'ata vyuma vya kizimba.