Kabla Wembe Haujagusa Uso: Kwa Wanaoanza Demapleningi

Wengi mnaokuja kujifunza demapleningi mna haraka ya kushika wembe. Mkono huzoea upesi kuliko mnavyodhani. Kinachochelewa kukomaa ni jicho, pamoja na ujasiri wa kumwambia mteja aliyekwisha kujilaza kitandani kwamba leo hafanyiwi.

Kazi yenyewe inaeleweka: kwa wembe wa kitabibu uliotakaswa, unakwangua ngozi iliyokufa ya juu kabisa pamoja na nywele laini za malaika. Mng'ao unatoka hapo. Makovu yenye mashimo hayaondoki kwa njia hii, na ukiahidi kwamba yataondoka umejitafutia ugomvi.

Sasa maswali. Ukimuuliza mteja "una tatizo lolote la ngozi?" atakujibu hana, hata kama anayo matatu. Muulize anapaka nini usiku. Muulize anameza dawa gani, na kama amewahi kupata vidonda vya homa mdomoni. Aliyetumia isotretinoini, dawa ya kumeza ya chunusi kali, ndani ya miezi 6 iliyopita mwahirishe. Anayepaka retinoidi, yaani dawa za ngozi za jamii ya vitamini A, aache siku kadhaa kabla. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye historia ya keloidi (makovu yanayovimba na kukua), au aliyeungua na jua juzi, hao wembe hauwafai bila ushauri wa daktari.

Wanaonipa kazi zaidi ni wanaotumia krimu za kujichubua. Nyingi zina steroidi, na steroidi hupunguza unene wa ngozi. Mwenyewe hatasema, pengine kwa aibu, kwa hiyo mwombe aje na vikopo vyake vyote, kisha umtazame kwenye mwanga mzuri: mishipa midogo myekundu mashavuni, ngozi inayong'aa kama karatasi laini. Ukiiona hiyo, weka wembe chini. Fanya hivyo pia kwa chunusi zilizovimba, kwa sababu wembe huzipasua na kusambaza bakteria kwenye ngozi nzima ya jirani. Vipele vya ukurutu navyo viachwe vipone kwanza.

Ukishajiridhisha, safisha uso, ondoa mafuta yote, kausha. Vidole vya mkono usioshika wembe ndivyo vinavyofanya nusu ya kazi: vinavuta ngozi ikaze. Pasipo kukaza, wembe unakata. Ulaze kwa takriban nyuzi 45, uende kwa mikwaruzo mifupi, myepesi, bila kukandamiza. Utasikia sauti ndogo kavu, na utaona unga mweupe uliochanganyika na nywele ukijikusanya ukingoni mwa wembe. Ufute kwa shashi kila mara. Sauti ikipotea, mara nyingi ngozi imelegea au wembe umelala mno. Mdomo wa juu, mwombe mteja aubane juu ya meno. Kidevuni punguza mwendo, maana mfupa unapinda na wembe unataka kwenda moja kwa moja. Kope na mabawa ya pua viache. Vidutu vilivyoinuka viwekee alama ya penseli nyeupe mapema uvizunguke.

Kwa ngozi nyeusi kuwa mwangalifu maradufu. Mchubuko ambao kwa mtu mwingine ungepotea kwa wiki, kwake unaweza kuacha doa jeusi la miezi.

Swali la "nywele zitarudi nyingi?" utalisikia mpaka uchoke. Hazirudi nyingi wala nene, kwani wembe haugusi mzizi. Ncha iliyokatwa huwa butu, ndiyo maana mkono unaweza kuhisi ukakasi. Ila tofautisha malaika na nywele nene nyeusi za kidevuni. Hizo, hasa zikiwa za kujikunja, hurudi ndani ya ngozi na kuleta vipele. Na mwanamke ambaye zimemwotea nyingi huku hedhi yake ikiruka, mwambie faraghani, kwa heshima, amwone daktari, kwa kuwa huenda ni homoni.

Wembe mmoja, mteja mmoja. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7, hata pale usipoona damu. Wembe utoe kwenye mpini kwa koleo, si kwa vidole, utupe kwenye kisanduku cha usalama palepale. Nawe upate chanjo.

Akiondoka, ajue: krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, asipake krimu za asidi wala retinoidi kwa siku chache, mazoezi ya jasho ayaache siku hiyo. Dawa kali ya kemikali ya kuambua ngozi ("peel") usiiunganishe hapohapo ukiwa bado mgeni, maana inazama zaidi kwenye ngozi iliyokwanguliwa. Mteja akitaka kurudi wiki ijayo kwa kuwa amependa mng'ao, mpangie baada ya wiki 3 au 4, hata kama ratiba yako ina nafasi tupu.