Barua kwa Mwanangu: Kati ya Jaji na Bunge

Mwanangu Zuhura,

Salamu zako zimefika, na swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema huko Leicester mmefundishwa kwamba Bunge la Uingereza ndilo lenye kauli ya mwisho, kisha mkapewa rundo la kesi mzisome. Unauliza: kama mkubwa ni Bunge, hao majaji wanatunga sheria kwa ruhusa ya nani?

Hawakupewa ruhusa na mtu. Sheria ya kule ilianzia mahakamani, karne nyingi kabla Bunge halijazoea kutunga sheria kila mwaka. Jaji huamua shauri lililo mbele yake tu, lakini ile sababu inayobeba uamuzi wake huwafunga majaji wa mahakama za chini. Mengine anayoyasema kwa kupitia hushawishi, hayafungi. Malodi, yaani majaji wa Baraza la Malodi (baraza la juu la Bunge), waliokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa, walijifunga hata kwa maamuzi yao wenyewe mpaka 1966, walipotangaza kuwa wanaweza kuuacha uamuzi wao wa zamani ikionekana ni sawa kufanya hivyo. Mwaka 2009 nafasi yao ikachukuliwa na Mahakama ya Juu.

Kesi ya R dhidi ya R ya 1991 isome yote, usiishie kwenye muhtasari. Mume alishtakiwa kwa kujaribu kumbaka mkewe, ambaye walikuwa wametengana. Utetezi wake ulitegemea maneno ya Jaji Matthew Hale, yaliyochapishwa 1736, yeye mwenyewe akiwa kaburini miaka sitini: kwamba mwanamke akishaolewa ametoa ridhaa asiyoweza kuirudisha. Maneno ya kitabuni tu, hayakupitishwa na Bunge lolote, na mahakama ziliyabeba zaidi ya karne mbili! Mawakili wakaongeza kuwa sheria ya 1976 ilieleza ubakaji kuwa tendo la ndoa “lisilo halali”, na la mume kwa mkewe ni halali. Malodi watano wakajibu kwa kauli moja kwamba neno hilo halikuongeza kitu, na kwamba ndoa ya leo ni ushirika wa watu walio sawa. Bunge lilikuja kuliondoa neno lenyewe 1994, kazi ikiwa imeshafanyika.

Matokeo yake nayafurahia. Ila wakili ndani yangu huuliza: siku mtu yule anatenda, sheria iliyomtia hatiani ilikuwa wapi? Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilijibu 1995 kwamba mabadiliko hayo yalikuwa yakionekana yanakuja. Jibu hilo limewaridhisha wengi, mimi nusunusu.

Njia ya muswada utaikariri bila shida: kusomwa mara tatu katika kila baraza, kamati katikati, kisha idhini ya mfalme. Baraza la Malodi likigoma, sheria za 1911 na 1949 huruhusu kulipita, ndivyo ilivyopigwa marufuku uwindaji wa mbweha kwa mbwa mwaka 2004.

Nguvu ya Bunge utaiona linapogombana na mahakama. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ilisema Rwanda si mahali salama pa kupeleka walioomba hifadhi Uingereza, baada ya kupima ushahidi. Aprili 2024 Bunge likapitisha sheria kuwa Rwanda ihesabiwe salama. Serikali mpya iliyoingia Julai iliutupa mpango wote, lakini sheria ilishapita kihalali kabisa. Kutunga sheria juu ya jambo la ushahidi ni ubabe, kwa maoni yangu, na mahakama za kule hazina uwezo wa kuifuta.

Na usidhani R dhidi ya R utarudi nayo Dar ikusaidie. Sisi tulipokea sheria ya Uingereza ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Ya baadaye hushawishi tu. Tena kifungu cha 130 cha Kanuni yetu ya Adhabu, kwa marekebisho ya 1998, kinamgusa mume pale tu wanapokuwa wametengana. Kwa Waingereza kinga ya mume ilitoka vinywani mwa majaji, majaji wakaiondoa. Yetu imeandikwa na Bunge, hivyo jaji hawezi kuisoma akaigeuza. Ama Dodoma wairekebishe, ama mtu akipinge kifungu hicho katika Mahakama Kuu kwa kutumia Katiba. Hiyo ya pili ningependa kusikia ungeijengaje hoja.

Baba yako anakusalimu.

Mama