Lenzi moja ya kazi zote: anza na namba ndogo

Kijana akishapata kamera isiyo na kioo cha ndani (mirrorless), huja na swali lile lile: lenzi gani moja itanitosha kwa harusi, sendofu, mahafali na safari? Na karibu kila mara jicho lake liko kwenye namba kubwa. Anataka kujua inavuta mpaka milimita 105, 120 au 200. Mdogo wangu, anza na namba ndogo, ile inayoonyesha lenzi inaona pana kiasi gani. Lenzi isiyovuta sana ina dawa. Isiyo pana haina.

Piga hesabu. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Ukipiga kwa milimita 70 kisha ukaikata picha ifanane na ya milimita 105, unabaki na pikseli kama 4000 kwa 2667. Ukurasa wa A4 unaochapwa kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji 3508 kwa 2480, kwa hiyo picha iliyokatwa bado inaingia kwenye albamu bila wasiwasi. Sasa njoo kwenye chumba anachovalishwa bibi harusi. Kitanda kimekula nusu ya nafasi, mashangazi wamemzunguka, na wewe mgongo umegusa ukuta. Lenzi inayoanzia 28 inaona nyuzi 75 kutoka kona hadi kona, inayoanzia 24 inaona nyuzi 84. Shangazi aliyesimama pembeni yumo ndani ya hizo nyuzi tisa. Akikosekana kwenye picha, hakuna programu itakayomrudisha, na familia itauliza.

Namba hizo ni za sensa (kipande kinachonasa mwanga ndani ya kamera) ya fremu nzima, yenye milimita 36 kwa 24. Kama sensa yako ni APS-C, iliyo ndogo zaidi, zidisha kwa 1.5 ikiwa ni Sony, Nikon au Fujifilm, na kwa 1.6 ikiwa ni Canon. Wengi wananunua 24-105 nzuri kabisa, wanaifunga kwenye Sony a6400, na inaona kama 36-157. Chumbani hapo huna kazi. Kwa sensa hiyo tafuta lenzi inayoanzia 16, 17 au 18. Sigma 18-50 f/2.8 (f ni kipimo cha tundu la kupitisha mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) ina gramu 290 tu na picha zake ni kali, ila haina kizuia mtikisiko, na a6400 nayo haina ndani ya mwili wake. Kama unapiga video kwa mkono, Tamron 17-70 f/2.8 inacho, ingawa ni nzito zaidi, gramu 525.

Baada ya upana, mwanga. Ukumbini usiku, taa za mapambo ni za zambarau na MC ameshaomba kubwa zizimwe. Canon RF 24-105 f/4-7.1 ina gramu 395, bei yake inavumilika, na mchana ni lenzi nzuri ya kutembea nayo. Lakini ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake linakuwa f/7.1, na mwanga unaopita ni chini ya moja ya sita ya ule wa f/2.8. Picha ambayo f/2.8 ingeipata kwa ISO (kipimo cha kukuza mwanga, kikipanda sana picha hujaa chembe) 3200 itakudai ISO karibu 20000. Usidanganyike kwamba kizuia mtikisiko kitakuokoa. Kinatuliza mkono wako. Wale wanaoingiza ndafu huku wakicheza hakiwatulizi.

Kwa hiyo, kama mkate wako uko ukumbini, nunua f/2.8 isiyobadilika hata kama inaishia 70. Ya 24-70 ndiyo yenyewe, lakini ni ghali, na nyingine zinachosha bega: Sony GM ya 2016 ina gramu 886, ya pili ya 2022 wameishusha mpaka 695. Mfuko ukigoma, Tamron 28-75 f/2.8 inafanya kazi ya kweli. Inaanzia 28, najua, na ndiyo maana ukiichukua uipangie mapema lenzi ndogo ya milimita 20 kwa ajili ya vyumba.

Kama kazi zako ni za mchana, watalii, mashamba, mikutano kwenye vyumba vyenye madirisha, chukua f/4: Sony 24-105, Canon RF 24-105 f/4 L, au Nikon Z 24-120, ambayo kwangu ndiyo bora kati ya hizo tatu.

Usinunue kabla hujasoma picha zako mwenyewe. Programu ya picha ya Lightroom inaonyesha kila picha ilipigwa kwa milimita ngapi. Chuja zile ulizomkabidhi mteja, uone zimerundikana wapi. Kisha kodi lenzi unayoitamani kwa harusi moja.

Ukinunua iliyotumika, hasa iliyokaa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, ogopa ukungu, yaani fangasi wanaoota kwenye vioo vya ndani. Mulika tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili huku ukigeuza geuza. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui kwenye kioo, iache hata ukipunguziwa nusu ya bei. Zungusha zumu kutoka mwanzo hadi mwisho: isikwame wala kukwaruza. Halafu piga ukuta wa matofali ukiwa umeukabili sawasawa, tundu likiwa wazi kabisa, upande mpana na upande wa kuvuta, na ukuze kona zote nne. Kona moja ikiwa imefifia kuliko nyingine, vioo vya ndani vimehama, pengine iliangushwa.

Nyumbani ihifadhi kwenye kasha la plastiki linaloziba hewa, pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu. Vifuko vikilowa unyevu vikaushe au uvibadilishe, na wakati wa masika vikague mara nyingi zaidi.