Homa baada ya safari: hesabu siku kwanza

Mkuu uliyeuliza kuhusu bro ako, katoka Bangkok wiki iliyopita, homa kali na malaria hamna, mi yalinikuta hayohayo 2023 nimetoka kufata mzigo hukohuko, kumbe ni dengue (homa inayoletwa na mbu). Siku ya 4 tangu nitue nikaamka mwili unauma kama nimeshusha kontena peke yangu, na macho nikiyageuza pembeni yanauma kwa ndani, hiyo ya macho ndo ilinishtua maana malaria naijua. Zahanati moja Kariakoo wakanitoboa kidole, malaria hamna, wakapima Widal wakasema taifodi, nikachomwa diklofenaki (sindano ya maumivu) nikarudi dukani. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi, na mi sikusema.

Siku ya 3 ya homa nikahamia kwingine, nesi mmoja mtu mzima akauliza, mwanangu umesafiri? homa imeanza lini hasa? akawa anahesabu kwa vidole. Iko hivi, dengue mara nyingi inatoka siku 4 mpaka 10 baada ya kung'atwa, ikichelewa sana 14, so kama mtu alitua mwezi uliopita na homa ndo imeanza leo usiisingizie Bangkok, itakuwa mbu wa hapahapa, 2014 na 2019 si tuliiona. Na kipimo nacho kina siku zake: siku 5 za kwanza za homa ni NS1 (kinatafuta kirusi chenyewe), baada ya hapo inaweza kusoma hamna na ugonjwa unao, ndo wanaangalia IgM (kinga ambayo mwili unatengeneza) ambayo nayo mwanzoni inakuwa bado haijatoka. Kama alichanjwa homa ya manjano (kile kikadi) aseme, inachanganya majibu ya IgM na mwenzake IgG (kinga inayokuja baadaye).

Mi NS1 ikaleta mistari miwili, yaani dengue ninayo. Nesi akanifokea kwa ile diklofenaki kama nimejichoma mwenyewe, hiyo na brufeni na asprini zinaweza kukutoa damu, ni panadoli, maji na ORS tu. Siku ya 5 homa ikakata, nikataka nikafungue duka, kumbe ndo siku zenyewe mbaya, napiga mswaki povu jekundu, kupima chembe sahani (zile za kugandisha damu) 46,000 wakati mtu mzima anatakiwa aanzie 150,000. Nikalazwa siku 3.

So hata homa ikikata aendelee kupimwa damu, tumbo likimuuma sana au akitapika mfululizo msisubiri kukuche. Malaria nayo arudie kupima, mtu anaweza kuwa nazo zote mbili. Homa yake imeanza siku gani? Weka hapa tuhesabu.